Jeni Kalori 72, Soda Kalori 148

Mwaka 2007 watafiti wa Exeter na Oxford, Uingereza, walitangaza jeni ya kwanza iliyoenea kwa watu wengi yenye uhusiano wa wazi na unene. Jina lake FTO. Walikuwa wamekusanya vipimo vya watu zaidi ya 38,000 wenye asili ya Ulaya. Hesabu yao ilionyesha kwamba mtu mzima aliyerithi toleo lenye hatari kwa baba na kwa mama pia, huwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya yule ambaye hakurithi hata nakala moja. Wenye nakala mbili walikuwa asilimia 16, yaani mmoja katika kila sita. Magazeti yakaibatiza FTO "jeni ya unene", na ile kauli ya "sisi kwetu unene ni wa ukoo" ikapata cheti cha maabara.

Kilo 3 si haba. Ila kwa anayepika na kula, swali la maana ni jingine: kilo hizo ni chakula kiasi gani?

Kuna kanuni ya kuzibadilisha. Mwaka 2011 Kevin Hall, mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na wenzake walionyesha kwamba mtu mzima akiongeza kalori 24 kwa siku na kuendelea nazo, mwili hupanda hatimaye kilo 1 na kutulia hapo. Nusu ya ongezeko huja mwaka wa kwanza, na karibu lote hukamilika ndani ya miaka mitatu. Kalori ninazozitaja humu ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Basi kilo 3 za FTO mara 24 ni kalori 72 kwa siku.

Sasa chukua soda ya chupa ya mililita 350. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa nzima hubeba gramu 37 hivi, na kila gramu ya sukari ni kalori 4. Jumla 148. "Jeni ya unene", nakala zote mbili, haifiki nusu chupa. Ukitaka kuipima kwa mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha mezani kina gramu 14, kila gramu kalori 9, jumla 126. FTO ni zaidi kidogo ya nusu kijiko.

Hesabu hii ni ya makadirio, na jeni haimwagi mafuta kwenye sufuria ya mtu. Inachofanya ni kusukuma hamu. Watoto wa Uskoti waliopimwa na kuandaliwa mlo wa majaribio, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, walionyesha hivyo: wenye toleo la hatari walikula chakula chenye kalori nyingi zaidi, lakini miili yao haikuwa mizembe katika kuchoma nishati. Mzigo wa jeni hii, kwa sehemu kubwa, hupitia mdomoni.

Mtetezi wa ukoo atasema FTO ni jeni moja tu, na ana haki. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za unene baina ya watu wa jamii moja inatokana na urithi. Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko yote ni wa Claude Bouchard na wenzake wa Quebec, Kanada, wa mwaka 1990. Walichukua jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana, wakawalisha kalori 1,000 juu ya mahitaji yao, siku 84 kati ya siku 100. Kila kijana alipewa kalori 84,000 za ziada. Wastani wa ongezeko ulikuwa kilo 8.1, lakini aliyeongezeka kidogo alipata kilo 4.3 na aliyeongezeka sana kilo 13.3. Chakula kilekile, tofauti mara tatu. Na pacha alifanana na pacha mwenzake kuliko alivyofanana na vijana wengine waliokaa naye jengo moja.

Soma namba hizo mara mbili, maana zina pande mbili. Urithi uliamua nani apate 4 na nani apate 13. Hata hivyo, hakuna aliyebaki na uzito wake wa mwanzo. Zile kalori 84,000 ziliwapandisha wote.

Tuzijumlishe basi jeni zote kwa pamoja. Mwaka 2015 uchunguzi wa watu 339,224 ulipata sehemu 97 za vinasaba zenye uhusiano na BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, na zote kwa pamoja zilieleza asilimia 2.7 tu ya tofauti baina ya watu. Mwaka 2018 watu walifika karibu 700,000, sehemu zikawa 941, maelezo yakapanda hadi asilimia 6 hivi. Mwaka uliofuata kundi la Boston, Marekani, liliacha kuhesabu sehemu chache zenye nguvu, likakusanya alama ndogondogo milioni 2.1 na kuzifanya alama moja ya jumla kwa kila mtu. Halafu wakalinganisha sehemu ya kumi ya watu wenye alama kubwa kabisa na sehemu ya kumi wenye alama ndogo kabisa. Wakiwa watu wa makamo walitofautiana kilo 13. Walipotazama kundi la watoto tangu kuzaliwa, tofauti siku ya kuzaliwa ilikuwa gramu 60, na ilipofika miaka 18 ilikuwa kilo 12.

Kilo 13 mara 24 ni kalori 312 kwa siku. Hiyo ndiyo hesabu kubwa kabisa ninayoweza kuwapa kwa haki wanaotetea ukoo: pengo lote kati ya waliobahatika zaidi na wasiobahatika kabisa, kwa alama bora iliyokuwapo, ni soda mbili na fundo moja au mawili.

Sasa simama pembeni ya karai la chipsi mayai jioni, Manzese au Kariakoo, utazame mikono badala ya kutazama chakula. Gramu 400 za viazi vibichi zina kalori 310 hivi. Vikitoka kwenye karai vimepoteza maji mengi, vinabaki gramu 200 na ushei, na vimenyonya mafuta yapatayo gramu 30. Hizo ni kalori 270. Kisha muuzaji anadondosha kijiko cha mafuta kwenye kikaango kidogo, anamwaga chipsi, anavunja mayai mawili juu yake. Kalori 126 nyingine. Mafuta peke yake, mbali na viazi na mayai, yameleta karibu kalori 400. Pengo lote la jeni la kilo 13 limefukiwa ndani ya sahani moja, na bado hujaulizwa unakunywa nini.

Hata jeni yenyewe hungoja mazingira ndipo iseme. Wachunguzi waliotumia kumbukumbu za Framingham, Massachusetts, ambako vizazi vya familia vimefuatiliwa tangu mwaka 1948, walipanga watu kwa mwaka wa kuzaliwa. Kwa waliozaliwa kabla ya mwaka 1942, FTO haikuonyesha uhusiano na uzito. Kwa waliozaliwa baadaye, ilionyesha. Vinasaba ni vilevile. Kilichobadilika ni maisha na meza.

Kwetu ushahidi hauhitaji hata maabara. Tanzania ilipofanya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi mwaka 1991 na 1992, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 11. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa asilimia 28. Kenya, mwaka 2014, asilimia 33. Miaka 24 ni kizazi kimoja. Jeni za nchi hazibadiliki kwa kasi hiyo.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika kisingizio cha jeni. Mwaka 2015 watafiti wa Boston waligundua herufi hasa ya vinasaba inayofanya kazi ndani ya eneo la FTO. Toleo lake la hatari linabebwa na zaidi ya asilimia 40 ya kromosomu za watu wa Ulaya, lakini kwa Waafrika ni chini ya asilimia 10. Mtu wa Temeke au Eastlands anayeisingizia FTO, uwezekano mkubwa ni kwamba hana toleo hilo.

Ugunduzi huo huo ndio uliofafanua jeni hizi hufanyaje kazi. FTO yenyewe, licha ya jina lake kuvuma, haikuwa mhusika mkuu. Ile herufi iliyobadilika imekaa ndani ya FTO lakini inaongoza jeni mbili zilizo mbali, IRX3 na IRX5. Kwa kawaida kuna protini inayozizima. Herufi ikibadilika, protini ile haipati pa kushika, IRX3 na IRX5 zinawaka, na seli changa za mafuta zinakua kuwa seli za kuhifadhi badala ya zile zinazochoma mafuta kutoa joto. Kumbuka lakini kwamba watoto wa Uskoti walionyesha hamu ya chakula, siyo uchomaji. Huenda njia zote mbili zipo, moja ikiwa na uzito kuliko nyingine. Mimi naegemea upande wa hamu, kwa sababu hata jeni kali za unene, zile zinazomnenepesha mtoto tangu uchanga, karibu zote hufanya kazi kwenye ubongo, mahali pa njaa na shibe.

Mambo yanayonivutia zaidi ni ya upande wa pili: chakula kinavyoziamrisha jeni. Ini lina protini mbili zinazofanya kazi ya swichi. Moja, SREBP-1c, huamshwa na insulini. Nyingine, ChREBP, huamshwa na sukari yenyewe ikishaingia ndani ya seli. Mtu akinywa soda juu ya wali mweupe, zote mbili huamka pamoja, zinashika vinasaba na kuwasha jeni za vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa mafuta palepale ndani ya ini. Akikaa saa nyingi bila kula, insulini hushuka, swichi hizo hulala, na nyingine, PPAR-alfa, huwasha jeni za kuchoma mafuta. Hakuna haja ya kuwa na jeni mbaya ili hili litokee. Kila ini lenye afya lina swichi hizi. Swali ni zinabonyezwa mara ngapi kwa siku.

Nyuzinyuzi zina njia yake. Hazimeng'enywi na tumbo letu. Bakteria wa utumbo mpana ndio huzichachusha, wakatoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, buturati, huzuia vimeng'enya vinavyofunga kurasa za vinasaba, kwa hiyo jeni fulani hubaki wazi kusomwa. Asidi hizohizo huchochea seli za utumbo kutoa homoni ya GLP-1, inayouambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Wenye kufuatilia habari za dawa wataitambua homoni hiyo, maana ndiyo inayoigizwa na sindano za kupunguza uzito ambazo bei yake nitaifikia.

Jaribio zuri la mambo haya limefanyika Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walianza na watu wazima 323 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: wa mjini walikuwa na dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani katika damu, ule moto mdogo wa kinga ya mwili unaoendana na kisukari na magonjwa ya moyo, na chakula kilikuwa miongoni mwa sababu.

Wakaenda hatua ya pili, iliyochapishwa mwaka 2025. Walichukua vijana wa kiume 77. Kundi moja, waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, walihamishiwa chakula cha kizungu cha kukaanga na kusindikwa kwa wiki mbili. Kundi la pili, waliozoea chakula cha mjini, walirudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu walikunywa mbege kwa wiki moja. Wachache walibaki na chakula chao ili wawe kipimo. Mbege, kwa asiyeijua, ni kinywaji cha Wachaga kinachochachushwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi.

Wiki mbili zilitosha. Waliohamia chakula cha kukaanga na kusindikwa walipandisha viashiria vya uvimbe, mifumo ya umetaboli inayohusiana na magonjwa yasiyoambukiza ikayumba, na seli zao za kinga zikajibu kwa udhaifu zilipowekewa vijidudu maabara. Waliorudi kwenye chakula cha asili walienda kinyume chake, na hata wa mbege nao. Sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. (Wapenzi wa mbege wasikimbilie kuning'iniza matokeo haya kilabuni: ilikuwa wiki moja, kwa vijana wenye afya, na kipimo kilikuwa cha kitafiti.)

Hapa jeni za vijana wale hazikubadilishwa hata herufi moja. Kilichobadilika ni zipi zilisomwa na kwa sauti gani. Na hiyo ndiyo sababu siupendi ule mjadala wa "jeni au chakula", kama vile ni timu mbili. Chakula ni mmoja wa wanaoziongoza jeni.

Wapo wanaolipeleka hili mbali kupita namba zinavyoruhusu, hasa wakisikia kwamba lishe ya mama huandikwa kwenye vinasaba vya mtoto. Ni kweli huandikwa. Kule Keneba, Gambia, watafiti walifuatilia wanawake 84 walioshika mimba kilele cha masika na 83 walioshika kilele cha kiangazi. Virutubisho katika damu ya mama vilitofautiana kwa msimu, na alama za kemikali juu ya vinasaba vya watoto zikatofautiana pia. Huko Uholanzi, watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walipimwa miaka 60 baadaye: alama kwenye jeni ya IGF2 zilikuwa pungufu kwa asilimia 5.2 zikilinganishwa na za ndugu zao ambao hawakupitia njaa. Asilimia tano baada ya njaa kali ya vita. Mwenye kuuza virutubisho vya "kuandika upya jeni" angepaswa kuonyeshwa namba hiyo kwanza.

Mpaka hapa nimezungumza kilo, kana kwamba kilo ndiyo ugonjwa. Samoa inatuambia tusiharakishe. Mwaka 2016 watafiti waliwapima Wasamoa 3,072 wakapata toleo la jeni ya CREBRF ambalo kila nakala huongeza BMI kwa 1.4 hivi. Kwa mtu wa mita 1.65 hiyo ni karibu kilo 4, kubwa kuliko FTO nakala mbili. Zaidi ya asilimia 40 ya Wasamoa wana angalau nakala moja. Cha ajabu, wenye toleo hilo walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata kisukari kuliko wenzao. Huenda walihifadhi mafuta mahali salama.

Mahali ndipo penye jambo. Mafuta yakikaa chini ya ngozi, kwenye nyonga na mapaja, ni ghala. Yakishindwa kuenea huko yakahamia ndani ya ini na kongosho, insulini huanza kukosa nguvu, hata kwa mtu ambaye mizani haimshtui. Utafiti wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64, na wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 26. Hivyo ni vitu viwili vinavyoingiliana, havilingani. Futi ya fundi cherehani kiunoni, inayogharimu vijisenti, humwambia daktari mambo ambayo mizani humficha: kwa viwango vya Shirikisho la Kisukari la Kimataifa, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ndipo pa kuanza kuangaliwa.

Na mafuta yakitoka huko ndani, mambo hugeuka. Jaribio la DiRECT la Uskoti na Tyneside, mwaka 2017, liliwagawa katika makundi mawili watu 306 wenye kisukari aina ya 2. Nusu yao walipewa lishe ya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, wakaachishwa dawa za kisukari chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Baada ya miaka miwili asilimia 36 walikuwa bado hivyo. Asijaribu mtu nyumbani peke yake, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari.

Je, ingefaa kila mtu apimwe jeni kwanza, apewe mlo wake? Biashara hiyo ipo na inakua. Kusoma vinasaba vyote vya binadamu kwa mara ya kwanza, kazi iliyotangazwa kukamilika mwaka 2003, kuligharimu mradi mzima dola bilioni 2.7, leo mtu mmoja husomwa kwa chini ya dola 1,000, na vipimo vidogo vya mate kwa sehemu tu ya hizo. Chuo Kikuu cha Stanford kililipima wazo hilo kwa watu 609 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka mwaka 2018. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na maana ya kitakwimu. Jeni zilizotabiriwa kuonyesha nani afuate mlo gani hazikuonyesha chochote. Mapema kidogo, mwaka 2016, takwimu za washiriki 9,563 wa majaribio manane zilikuwa zimethibitisha kwamba wenye FTO ya hatari hupungua uzito sawasawa na wengine wakifuata lishe, mazoezi au dawa.

Kwa Mwafrika kuna sababu ya ziada ya kufunga pochi. Mwaka 2019 ilihesabiwa kwamba asilimia 78 ya watu waliomo katika tafiti kubwa za vinasaba ni wa asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa asilimia 2. Mradi wa vinasaba wa Uganda, uliotoka mwaka huohuo na watu 6,400 hivi wa vijiji vya Kyamulibwa, na ule wa AWI-Gen wenye watu wapatao 12,000 wakiwemo wa Korogocho na Viwandani, Nairobi, imeanza kuziba pengo. Hadi lizibwe, alama ya hatari inayouzwa kwa mtu wa Mwanza imekokotolewa kwa damu ya Wazungu.

Kipimo kina nafasi yake, tena muhimu, kwa wachache sana. Mwaka 1997 Cambridge iliripoti watoto wawili wa ndugu, wa asili ya Pakistani: mmoja miaka minane na kilo 86, mwingine miaka miwili na kilo 29. Walikosa kabisa leptini, homoni ya shibe iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman wa New York mwaka 1994. Yule mkubwa alipodungwa leptini alipungua kilo 16.4 kwa mwaka. Mtoto anayenenepa kupita kiasi kabla ya kufika miaka mitano, mwenye njaa isiyokatika, anahitaji daktari bingwa na kipimo cha jeni, na mama yake anahitaji kuacha kulaumiwa. Kwa sisi wengine fedha zina mahali pengine pa kwenda.

Mahali penyewe ni gengeni, na hapo hesabu inakuwa chungu. Mwaka 2019 Kevin Hall aliwalaza watu 20 hospitalini Bethesda, Maryland, kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa kupita kiasi, wiki mbili chakula cha kawaida, vyote vikiwa na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana sahanini, wakaambiwa kula watakavyo. Kwenye cha kusindikwa walikula kalori 508 zaidi kwa siku, wakaongezeka kilo 0.9, kwenye cha kawaida walipungua kilo 0.9. Kalori 508 zinazidi pengo lote la jeni la kalori 312, na zilitokea bila kumlazimisha mtu. Lakini angalia risiti: kalori 2,000 kwa siku za chakula cha kusindikwa ziligharimu dola 106 kwa wiki, za chakula cha kawaida dola 151. Tofauti ni dola 45 kwa wiki, 2,340 kwa mwaka, kwa kila mdomo.

Kwetu sura ni ileile, vipimo vingine. Lita ya mafuta ina kalori 8,280 hivi, kilo ya sukari 4,000, kilo ya sembe 3,600, kilo ya maharage makavu 3,300, kilo ya mchicha 230, kilo ya nyanya 180. Ili kupata kalori 2,000 utahitaji robo lita ya mafuta au nusu kilo ya sukari, au karibu kilo 9 za mchicha. Chukua bei za gengeni kwako, gawanya, utaona kwa nini mwenye familia ya watu sita na shilingi za kubana hununua vitu vinavyobonyeza zile swichi za ini. Hajakosa elimu. Amepiga hesabu sawasawa. Kwa mwaka 2022 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mlo kamili wa mtu mmoja kwa siku kuwa dola 3.96 kwa wastani wa dunia, kwa viwango vya uwezo wa kununua, na karibu theluthi mbili ya Waafrika hawakuumudu. Maharage ndiyo yanayoniokoa na kukata tamaa katika orodha ile: kalori karibu na za sembe, na kila gramu 100 zina zaidi ya gramu 15 za nyuzinyuzi, wakati mtu mzima anashauriwa gramu 25 kwa siku.

Sindano za GLP-1 nazo zipimwe kwa mizani hiyohiyo. Semaglutide ilipunguza uzito kwa asilimia 14.9 kwa wiki 68, katika jaribio la watu 1,961 lililochapishwa mwaka 2021. Hakuna mlo unaoshindana na hilo. Bei yake ya orodha Marekani ilipoidhinishwa mwaka huo ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, yaani 16,188 kwa mwaka, na walioiacha walirudisha theluthi mbili ya uzito ndani ya mwaka mmoja. Bei imekuwa ikishuka tangu hapo na itazidi kushuka. Ila kwa bei ile, dawa ya mtu mmoja ingelipa tofauti ya chakula cha Bethesda kwa watu karibu saba.

Afrika Kusini ilijaribu njia ya tatu. Aprili 2018 ilianza kutoza senti 2.1 za randi kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100 za kinywaji. Watengenezaji wengi walipunguza sukari wenyewe ili kukwepa tozo. Katika manunuzi ya kaya yaliyofuatiliwa, sukari ya vinywaji hivyo ilishuka kutoka gramu 16.25 kwa mtu kwa siku kabla tozo haijatangazwa, hadi 10.63 katika mwaka wa kwanza wa utekelezaji. Gramu 5.6 ni kalori 22 na ushei. Kwa kanuni ya 24, ikiwa watu hawakuihamishia sukari hiyo kwenye vitu vingine, ni karibu kilo 1 kwa kila mtu: theluthi ya FTO nakala mbili, iliyopunguzwa kwa wenye jeni hiyo na wasio nayo kwa pamoja.